Mtoto hataki kulala: njia nne za kumlaza, kila moja na nyumba yake

Saa tatu na nusu usiku, Migosi, Kisumu. Chakula kimeliwa, vyombo vimeoshwa, na mwanangu wa miaka minne amesimama juu ya mkono wa kochi akihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, puu! Anatua kwenye godoro tulilotandika chini. Dada yake wa miaka miwili hajajua kuhesabu, kwa hiyo yeye anaruka tu. Nami niko mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, nikipiga hesabu yangu mwenyewe, maana gari la shule hupiga honi getini saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi na halimsubiri mtu.

Usiku wa namna hiyo nimeupitia katika nyumba mbili, kwanza Nakuru na sasa Kisumu. Nimejaribu karibu kila ushauri niliopewa na mama mkwe, na muuguzi wa kliniki, na wanachama wenzangu wa chama, na simu. Ukizichambua, njia zenyewe ni nne tu. Mengine ni mapambo. Kila njia ina watu wanaoisifu kila mahali na wengine walioitupa usiku wa pili. Nilipowachunguza watu hao niliona watoto wao hawapishani sana. Kinachopishana ni nyumba: ina vyumba vingapi, nani anaingia saa ngapi, ukuta unapitisha sauti kiasi gani.

Tunapima nini

Tuanze na saa zenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Sasa mchukue mtoto wa PP1, darasa la chekechea, anayeamshwa saa kumi na mbili kasorobo ili aliwahi lile gari. Ili apate saa kumi, yaani kile kiwango cha chini kabisa, lazima awe ameshalala saa mbili kasorobo usiku. Kama mchana shuleni hulala saa nzima, basi saa tatu kasorobo. Kwetu saa mbili kasorobo ndiyo kwanza ugali unasongwa.

Njia zote nne nimezipima kwa mambo matano. Kazi: nani anaifanya, na kwa dakika ngapi. Nyumba: inataka vyumba vingapi na majirani wa aina gani. Muda: siku ngapi kabla hujaona tofauti. Ikivurugika: inakuwaje stima ikipotea, mgeni akija, mtoto akiugua, au mkienda ushago. Na mwisho, inamfaa nani. Mimi uzito mkubwa naupa hilo la kwanza. Njia unayoiweza Jumapili ukiwa umepumzika haikusaidii kitu kama Jumatano, ukishuka matatu saa moja na nusu na miguu imevimba, huiwezi.

Kabla hujachagua

Wako watoto ambao hakuna njia itakayowashika mpaka kwanza kitu fulani kiondolewe. Kwetu kilikuwa chai. Tulikuwa tukiwapa kikombe cha chai ya maziwa na mkate saa kumi na moja jioni kama sisi tulivyopewa, kisha tunashangaa. Majani chai yana kafeini. Soda nyeusi inayo, kakao inayo kidogo. Nikaweka uji wa wimbi mahali pa chai. Kuruka hakukuisha, lakini kulianza kuisha mapema.

Jingine ni usingizi wa jioni. Dada aliyetusaidia Nakuru alikuwa akimlaza mkubwa kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili ili apike kwa amani. Simlaumu, ningekuwa mimi na jiko moja na mtoto miguuni ningefanya vivyo hivyo. Ila mtoto aliyeamka magharibi hawezi kuwa na usingizi saa mbili. Wengi huacha kabisa kulala mchana kati ya miaka mitatu na mitano. Anayeendelea, na alale mapema, baada tu ya chakula cha mchana.

Halafu kuna ule moto wa jioni ambao si kosa la mtu. Mwili una saa yake, na muda mfupi kabla ya wakati wake wa kawaida wa kulala saa hiyo humsukuma mtu awe macho kuliko alivyokuwa alasiri. Mzazi akiona mtoto anakimbia kuzunguka meza hudhani hana usingizi. Anao, haujafika tu. Ukimlazimisha kitandani katikati ya moto huo mtapigana, na atakushinda.

Kuhusu mwanga, ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi ambazo jua la kiangazi huwaka hadi saa tatu usiku, ndiyo maana kila ukurasa unakuhimiza ununue mapazia mazito. Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, mwaka mzima. Giza tunalo la bure. Tatizo letu ni balbu nyeupe katikati ya dari na televisheni chini yake. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huzuiwa na mwanga mkali, na macho ya watoto wadogo huathirika kwa mwanga huo kuliko yetu. Taa ya sebuleni ikizimwa ikabaki ile ya jikoni, umeshafanya nusu ya kazi.

Joto nalo. Ili usingizi uje, mwili sharti upoe kidogo. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari, na mabati yaliyopigwa na jua mchana kutwa bado yanatoa joto saa tatu usiku. Huku mtoto analala na fulana nyepesi, dirisha lenye wavu likiwa wazi. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, na huko kilio ni miguu ya baridi: soksi, blanketi zito, maji ya moto. Ila jiko la makaa lisiingizwe chumbani kuongeza joto, hata kwa dakika kumi. Moshi wake wa sumu hauonekani wala haunuki, na huua watu wakiwa wamelala.

La mwisho ni la kliniki. Mtoto anayejikuna makalio usiku huenda ana minyoo ile midogo inayotaga mayai wakati huo. Anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi aangaliwe koo na pua. Hayo hayatibiwi kwa hadithi.

Njia ya kwanza: mpangilio uleule kila jioni

Kazi. Kuoga, kula, mswaki, hadithi, neti, taa. Hatua zilezile kwa mfuatano uleule, dakika thelathini hadi arobaini na tano. Kinachomshika mtoto hapa ni mfuatano kuliko saa. Hajui saa mbili ni nini, lakini anajua baada ya beseni huja hadithi, na baada ya hadithi neti hushuka. Maji yawe vuguvugu hata Kisumu. Yanafungua mishipa ya ngozi, na akishafutwa joto la mwili linatoka.

Kuhusu hadithi nilifundishwa adabu na mama mkwe wangu. Alitoka Siaya mwezi wa Agosti akakaa nasi wiki tatu. Watoto wanamwita dani. Mimi nilikuwa nikisoma kitabu taa ikiwaka, na kila nikifika mwisho nasikia, "Tena, mama. Tena!" Tena hiyo ilikuwa inakula nusu saa. Dani hakuniambia nimekosea. Usiku wa kwanza alizima taa, akaketi kwenye kigoda kando ya godoro na kuanza sigana, zile ngano ambazo zamani watoto wa Kiluo walisimuliwa katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee. Ilikuwa ya sungura na ujanja wake. Kila mtoto alipouliza swali, dani alilijibu kwa sauti ya chini kuliko aliyotumia mwanzo, hata ikawalazimu wanyamaze ili wamsikie. Alipomaliza akasema, "Thu tinda!" Ndivyo sigana hufungwa, na baada ya hapo yeye hakusema neno lingine, hata alipoulizwa. Usiku wa nne au wa tano nikamsikia mwanangu mwenyewe akitamka "tinda" gizani na kugeukia ukutani.

Basi hadithi iwe na kufuli. "Hadithi yangu imeishia hapo" inafanya kazi ileile, mradi ikishasemwa isifunguliwe.

Nyumba. Yoyote. Kwenye chumba kimoja chenye pazia kati ya kitanda na kochi, watu wazima ndio watakaoona ugumu: lazima televisheni izimwe kwa nusu saa, na saa hiyo ndiyo ya taarifa ya habari. Jipange.

Muda. Wiki moja, pengine mbili, polepole. Hakuna usiku utakaosema "leo tumeshinda".

Ikivurugika. Hapa ndipo njia hii inapozipita nyingine. Inabebeka. Ushago hakuna beseni lako wala kitanda chako, lakini hadithi ipo, neti ipo. Stima ikipotea ni neema.

Inamfaa nani. Nyumba ambayo watu kadhaa hulaza kwa zamu, yaani mama, baba, bibi na dada wa kazi, kwa sababu haitegemei mtu mmoja. Haimwokoi mzazi aliye peke yake ambaye leo anafika saa kumi na mbili na kesho saa tatu.

Njia ya pili: kulala kando yake mpaka ashikwe na usingizi

Kazi. Unajilaza naye, mkono mgongoni, unangoja. Siku njema ni dakika kumi na tano. Siku mbaya ni saa nzima, na mara nyingi wewe ndiye unayelala kwanza. Nimewahi kuzinduka saa saba usiku nikiwa bado na sketi ya kazini, sufuria ya ugali imekauka jikoni bila kulowekwa. Anayetaka kujiondoa polepole kando ya mtoto huanza kitandani, siku chache baadaye hukaa kwenye kigoda kando, kisha kigoda kinasogea mlangoni, kisha nje ya mlango. Inachukua kama wiki mbili na mgongo imara.

Nyumba. Hii ndiyo njia ya chumba kimoja, na katika nyumba nyingi za kwetu swali la mtoto alale wapi halijawahi kuulizwa kwa kuwa kitanda ni kimoja. Miongozo ya ng'ambo huiita tabia mbaya. Mimi sioni ubaya kwa mtoto wa miaka miwili na zaidi. Sisi wenyewe tulilala watatu kwenye godoro moja. Mtoto mchanga ni jambo jingine. Chini ya mwaka mmoja, na hasa miezi sita ya kwanza, alale chumbani mwenu lakini mahali pake pagumu na patupu, pasipo mito. Hatari huwa kubwa zaidi mkilala naye kwenye kochi, au mtu mzima akiwa amelewa au ni mvutaji sigara. Na Kisumu, miili miwili chini ya neti moja ni tanuri. Weka feni kama unayo.

Muda. Usiku huohuo.

Ikivurugika. Deni lake hulipwa saa saba usiku. Watoto wote huzinduka kidogo mara kadhaa kati ya usingizi na usingizi, na kile alichokuwa nacho akisinzia ndicho atakachokitafuta akizinduka. Alisinzia ameushika mkono wako, sasa mkono haupo, atakuja kuutafuta. Ukisafiri siku mbili kwa mazishi, atakayebaki naye atakuelezea ukirudi.

Inamfaa nani. Mzazi aliyeshinda kazini na ambaye dakika hizo ndizo pekee anazoonana na mwanawe. Mtoto aliyetoka kuugua, aliyehamishwa nyumba, au aliyepata mdogo wake juzi. Tulipohamia Kisumu mkubwa wangu hakuingia kulala bila mimi kwa mwezi mzima, na sikujaribu njia nyingine yoyote. Haimfai mwenye zamu za usiku, wala mwenye kazi ya kumaliza baada ya watoto kulala.

Njia ya tatu: kumwacha ajilalie, ukimchungulia

Kazi. Unamlaza angali macho, unasema maneno yaleyale, unatoka. Akilia, unangoja dakika mbili, unaingia, unamgusa, "lala sasa, mama yuko hapa", unatoka. Halafu dakika tano. Halafu kumi. Humbebi, huwashi taa, hufungui mazungumzo. Kwa mikono ni kazi ndogo, kwa moyo ni kubwa. Mara nyingi usiku wa pili au wa tatu huwa mbaya kuliko wa kwanza, na hapo ndipo wengi tunaposalimu amri. Ukisalimu amri baada ya dakika arobaini umemfundisha kwamba bei ni dakika arobaini. Kesho ataanzia hapo.

Kwa aliyepita miaka mitatu kuna njia laini ndani ya hii: kadi. Tulikata kipande cha boksi la majani chai, mwanangu akakipaka rangi, na kila usiku akawa na ruhusa ya kutoka kitandani mara moja tu kwa kutoa kadi hiyo, iwe kwa maji, choo, au kukumbatiwa. Ikishatumika, basi mpaka kesho. Wengine huishia kuikumbatia bila kuitumia. Wangu aliitumia kuniuliza viboko wa Dunga, kule ufuoni mwa ziwa, hulala saa ngapi. Kwa ujinga wangu nikamjibu kweli: usiku hawalali, hutoka majini kwenda kula nyasi. Alikaa macho hadi saa nne akiwasikiliza, na kutoka Migosi hadi Dunga ni mbali.

Nyumba. Hapa ndipo njia hii inapokwama kwa wengi wetu. Nakuru tulikaa kwenye ploti ya milango minane, ukuta wa jirani ndio ukuta wangu. Usiku wa pili, saa nne kasoro, mlango ukagongwa. "Hodi! Mama, huyo mtoto anaumwa? Nikuitie bodaboda mwende hospitali?" Nitamwelezaje mtu mwema namna hiyo kwamba nimemwacha makusudi? Nikamshukuru, nikambeba mtoto, na dakika zangu arobaini zikaenda na maji. Mara ya pili nilikuwa nimejifunza: nilipita mlango kwa mlango mchana na kuwaambia majirani kwamba kwa wiki moja watasikia kilio na si ugonjwa. Mmoja alicheka akaniambia kwao walitumia fimbo. Lakini hakuna aliyebisha hodi. Inasaidia pia kuwa na chumba cha pili, na mwenzako awe amekubali kabla, si usiku wenyewe mtoto akishaanza.

Muda. Ndiyo ya haraka zaidi kwa matokeo ya kudumu. Wengi huona tofauti ndani ya wiki.

Ikivurugika. Mtoto akiugua, acha mara moja. Kanda hii ya ziwa ina malaria, na kilio cha usiku chenye mwili wa moto hakingojewi dakika tano, kinapimwa. Akipona utaanza upya, ila mara ya pili huwa fupi.

Inamfaa nani. Mtoto mzima wa afya anayezinduka kila saa akitaka kubebwa, wazazi wawili wenye msimamo mmoja, nyumba yenye kuta. Haimfai wa chini ya miezi sita, wala anayelia kwa hofu ya kweli, wala mzazi ambaye anajua moyo wake hautaweza. Kutoiweza si udhaifu. Kuianza na kuiacha kila baada ya siku mbili ndiko kunakomchanganya mtoto.

Njia ya nne: kumchelewesha kwanza, kisha kumrudisha

Kazi. Hii hutajwa mara chache, nami niliikuta nikiwa nimechoka na zile tatu. Kwa siku nne au tano unaandika saa ambayo mtoto hulala kweli, siyo unayotaka alale. Ikiwa ni saa tatu na nusu, huna haja ya kupigana naye tangu saa mbili. Mlaze saa tatu na nusu. Kitanda kinaacha kuwa uwanja wa vita, kwa sababu anakifikia akiwa na usingizi tayari. Akiweza kusinzia ndani ya robo saa kwa usiku mbili tatu mfululizo, unavuta dakika kumi na tano nyuma. Kutoka saa tatu na nusu hadi saa mbili na robo ni hatua tano, yaani kama wiki mbili hivi. Sharti moja halina msamaha: kuamka ni saa ileile kila siku, hata Jumapili.

Swali ni atafanya nini hadi saa tatu na nusu. Vitu vya mikono, kwenye mwanga hafifu. Mkubwa wangu nilimpa ungo na maharagwe achambue, mabovu huku, mazima huku. Alichambua kwa makini ambayo sijawahi kuona kwake mchana, na mara mbili alisinzia uso ukiwa karibu na ungo.

Nyumba. Yoyote, na hakuna kilio cha kusumbua jirani.

Muda. Vita huisha usiku wa kwanza au wa pili. Saa unayoitaka huja baada ya wiki mbili au tatu.

Ikivurugika. Sherehe moja ya Jumamosi inakurudisha hatua mbili. Tena siku za mwanzo mtoto analala saa chache, na gari la shule halijui kwamba mko kwenye mpango. Ianze likizo ya Aprili, Agosti au ya mwisho wa mwaka. Kwa sisi wa ziwa kuna jambo la zaidi: mbu wa malaria huuma usiku, na mtoto huyu yuko nje ya neti muda mrefu. Mvishe suruali ndefu na mikono mirefu, au achezee ndani ya neti. Hata aliyepata chanjo ya malaria, ambayo kanda hii ilianza kuipata mwaka 2019, neti bado ni yake.

Inamfaa nani. Familia inayokula saa mbili na nusu na haiwezi kubadilika, mtoto anayelala fofofo akishalala lakini hataki kuanza, na mzazi mwenye subira ya kuandika. Asiyependa kuandika ataanza kukisia usiku wa tatu.

Mbili nisizozilinganisha

Katuni za simu kitandani. Zinamtuliza kweli, macho yakiwa yameganda kwenye mwanga ambao ndio huo unaofukuza usingizi. Mwongozo uleule wa 2019 unataka mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Saa hiyo moja naiona bora iwe ya mchana. Nyingine ni dawa za maji za mafua au mzio zinazopewa mtoto "alale kidogo". Si kazi yake, zina madhara kwa wadogo, na watoto wengine huzidi kuchangamka wakizinywa. Iache kabatini.

Uko wapi? Anzia hapo

Chumba kimoja na majirani wa karibu: anza na ya pili, ukiiwekea mfuatano mfupi wa ile ya kwanza mbele yake, hata kama ni hadithi na neti tu. Baadaye, mtoto akizoea, sogeza kigoda.

Anayelaza ni dada au bibi nawe unafika usiku: ya kwanza, ambayo mtakubaliana mfuatano wake kwa mdomo na kuubandika jikoni. Kubali pia kwamba bibi ataubadilisha, na huenda akaupatia kuliko wewe.

Mna vyumba viwili, mmekubaliana, mtoto amepita miaka mitatu na ana afya: ya tatu kwa kadi. Akiwa mdogo zaidi, ya tatu kamili, baada ya kupita kwa majirani.

Kila usiku ni vita vya saa moja na nusu na likizo iko karibu: ya nne. Likizo ikiwa mbali, vumilia kwa ya kwanza na uondoe chai.

Mko na mgonjwa, mmehama, kuna mtoto mpya au msiba: ya pili, bila kuombana msamaha, mpaka nyumba itulie.

Watoto wawili chumba kimoja, kama sisi: sisi tunachanganya. Mfuatano ni mmoja kwa wote, halafu mdogo ninajilaza naye huku mkubwa akishika kadi yake gizani. Usiku tatu katika tano za wiki ya shule wote wamelala kufikia saa tatu kasorobo. Zile mbili nyingine, anaruka.

Na kama kuna mtu mzima anayeingia saa tatu usiku, wakati ambao watoto ndio kwanza wamesinzia, hakuna kati ya hizi nne itakayokufaa mpaka mmalize jambo moja. Kwetu lilikuwa geti. Lilikuwa likilia kama punda, watoto wanainuka, "Baba!", na kila kitu kinaanza upya. Tulijadiliana kuhusu njia za kulaza kwa karibu mwaka mzima. Kisha Jumamosi moja baba yao akachukua grisi kidogo kwa fundi wa bodaboda pale kona, akazipaka bawaba zote tatu.